Kama Ulivyo

Shomoro walikuwa wamejenga kiota juu ya kiti cha nyuma cha gari jipya kabisa, gari ambalo halijawahi kutembea hata hatua kumi. Lilikuwa la tatu kutoka ukutani, rangi ya maziwa, limesimama uwanjani kwetu pamoja na wenzake arobaini. Yote yalikuwa yamekamilika: taa zipo, viti vipo, injini ukiiwasha inaitika. Kilichokosekana ni ule mpira mweusi unaozunguka mlango, ambao mnunuzi wa gari hautupii hata jicho. Pasipo mpira huo mlango haufungi sawasawa, na gari lisilofunga mlango utamuuzia nani? Labda hao shomoro.

Mimi ni mkaguzi wa ubora wa kiwanda hicho cha kuunganisha magari. Kila kifaa kilichotoka ng'ambo nilikitoa kwenye kasha, nikakilaza kando ya sampuli yake, na nikiona tofauti hata ya unywele nasema hapana. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana wenzangu wananiita Bi Hapana, nao wakidhani sijui. Najua sana. Nimewaacha tu.

Sasa hiyo mipira ilikuwa melini. Kwanza tukaambiwa meli imechelewa wiki mbili. Kisha imezunguka njia ndefu kwa kuwa njia fupi haipitiki. Kisha imefika bandari fulani, lakini kasha letu liko chini ya makasha mengine chungu nzima. Mwisho, wakatuambia kwamba hata kiwanda chenyewe cha mipira huko ng'ambo kimesimama, maana nacho kinangoja kitu kutoka kwingine. Kila asubuhi meneja wetu alitoka ofisini na simu sikioni, akawa anayazunguka magari yale arobaini na moja, mpaka mlinzi akamuuliza kwa utani kama anataka kumpokonya kibarua.

Siku moja akatukusanya sote karakanani.

"Basi," alisema. "Nimechoka kuambiwa wiki ijayo. Viti tumekwisha kuanza kushonewa na mafundi wa makochi wa mtaa wa pili, na havina neno. Nyaya tunazifunga wenyewe humu ndani. Kwa nini mpira utushinde? Nani anamjua mtu anayefanya kazi ya mpira?"

Nilikuwa namjua. Nikatazama viatu vyangu.

"Si yupo wifi yake Bi Hapana?" akasema fundi wa milango, mzee mmoja mwembamba ambaye sote tunamwita Bawaba.

Hakuna aliyewahi kulitamka jina lile mbele yangu. Bawaba akajiziba mdomo kwa mkono, lakini wapi, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Meneja ndiye aliyeanza kucheka, na wote wakamfuata, nami ikanibidi nicheke nisije nikaonekana nimenuna.

Wifi yangu huyo ni mke wa kaka yangu mkubwa. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, nilimkagua toka utosini hadi kisiginoni, nikamvuta kaka pembeni nikamwambia vidole vya huyu mchumba wako vina weusi. Vilikuwa na weusi kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya mpira, na leo karakana ni yake. Maneno yangu yalimfikia, sijui nani aliyeyapeleka, na tangu hapo kila tukikutana hunyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu na kusema, "Karibu ukague, wifi." Watu hucheka. Mimi nami hucheka, lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia neno lililo wazi.

Nilimkuta karakanani mwake, banda refu la mabati lenye mashine ya kukandia mpira mbichi, mashine nyingine ya kuusukuma utokee tunduni kama kamba, na tanuri la kuuivisha. Watu kumi na mmoja walikuwa kazini. Walitengeneza soli za viatu, mipira ya mifuniko ya sufuria, na vile vipete vya bomba vinavyozuia maji kuvuja.

"Jamani, ficheni hata vivuli vyenu," wifi aliwaambia watu wake aliponiona. "Mkaguzi kaingia."

Nilimpa salamu za meneja, kisha nikamkabidhi sampuli. Ulikuwa mpira wa mwisho kabisa kubaki stoo kwetu, umo bado ndani ya mfuko wake wa ng'ambo, umekunjwa mara tatu na kufungwa waya. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Wifi akaukunjua, akaulaza juu ya meza, akaupitisha vidoleni polepole toka mwanzo hadi mwisho, macho yake yakitazama ukutani.

"Hapa pana kibonyeo," alisema. "Na hapa. Na hapa. Vitatu. Navyo nivitie?"

Niseme kweli: sikutazama hata mara moja. Nilikuwa nimekwisha kutoa fomu yangu ili atie sahihi.

"Kama ulivyo," nikamjibu. "Usiongeze, usipunguze. Ufanane na huu kama ulivyo."

"Kama ulivyo," akarudia, akatia sahihi.

Kuipokea kazi hiyo kulimgharimu. Mashine yake ya kusukuma mpira ni moja tu, na ili itoe mipira ya milango ilibidi aache soli. Washona viatu waliokuwa wakinunua kwake wakatafuta kwingine. Kaka alinipigia simu na kuniambia, "Dada, hii ikienda mrama, karakana inafungwa na wale watu kumi na mmoja wanarudi makwao. Mimi simo, nyinyi wawili mnajuana, lakini nakwambia tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nipo.

Wiki ya tatu mipira ikaletwa. Nililaza mmoja kando ya sampuli, kisha wa pili, kisha wa kumi. Haki ya Mungu sijapata kuona kitu kilichofanana vile. Unene ule ule, mchirizi ule ule, na vibonyeo vitatu palepale pa vile vya sampuli. Baadaye nilikuja kusikia kwamba vibonyeo hivyo viliwatoa jasho siku nne nzima: ilibidi wachonge koleo maalumu la kuubana mpira ukiwa bado wa moto, na vilipotokea sawasawa karakana nzima ilipiga makofi. Mimi nikachukua muhuri wa kijani nikaipitisha yote. Bawaba akavalisha magari matano.

Kesho yake asubuhi tukayaingiza kwenye chumba cha mvua. Ni chumba kirefu chenye mabomba darini na kutani, gari likiingia linamwagiwa maji dakika kumi na tano, kisha tunafungua milango kuona ndani. Gari la kwanza lilikuwa na matone matatu kwenye kiti. La pili, matone matatu. La tatu nilifunga macho kabla mlango haujafunguliwa. Magari yote matano yalivuja, na yote yalivuja mahali pale pale.

Meneja alipitisha kidole kwenye kiti kilicholowa, akakitazama kidole chake kwa muda.

"Tulijaribu," alisema. "Tutaisubiri hiyo meli. Mkaguzi, andika imekataliwa. Na huyo mama aje Jumatatu achukue mipira yake."

Nami nikaandika. Mipira ile ile niliyoigongea kijani jana, leo nikaigongea nyekundu. Baadaye, nilipokuwa peke yangu stoo, nikakumbuka lile swali. Navyo nivitie? Nilijiambia labda sivyo, labda mpira wenyewe ni dhaifu. Siku tatu nilijidanganya hivyo, na katika siku hizo tatu nilikutana na wifi mara mbili nyumbani kwa kaka, naye hakunyoosha mikono, wala mimi sikufungua kinywa.

Siku ya tatu nilimfuata Bawaba kwenye benchi lake.

"Hebu niambie. Mipira ya ng'ambo nayo ilikuwa inakuja imekunjwa?"

"Tangu siku ya kwanza. Inakunjwa mara tatu ili iingie mfukoni."

"Kwa hiyo ilikuwa na vibonyeo?"

"Kila mmoja. Vya ule waya."

"Mbona magari hayakuvuja?"

Bawaba akanitazama kana kwamba nimemuuliza maji yana rangi gani. "Si naianika? Asubuhi naitandaza juu ya bati la stoo, jua linaipiga, ikifika saa ya chai imenyooka yenyewe. Miaka kumi na minane naianika."

"Miaka kumi na minane! Na hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe hukagua ikitoka tu mfukoni, ukatia muhuri ukaenda zako." Akashusha sauti. "Hii ya wifi yako iliyobaki nayo niliianika baada ya magari kuvuja, nisikufiche. Siku mbili juu ya bati. Haikunyooka ng'o. Ile ya ng'ambo ilikuwa imeumia tu njiani, lakini hii imezaliwa hivyo."

Nikakaa kwenye benchi lake juu ya bisibisi. Miaka ishirini na miwili nilijiona jicho la kiwanda, kumbe nilichokijua ni kimoja tu: hiki kinafanana na kile. Sikuwahi kujiuliza hata siku moja kama kinazuia maji. Niliona haya, na haya yenyewe hayakuwa ya mpira peke yake.

Jumatatu wifi alikuja. Alivaa nguo ya kutokea, akaketi mwisho wa meza ya mkutano, mikono yake ameiweka mapajani. Meneja alikwisha kusoma taarifa yangu, na taarifa yenyewe, kwa woga wangu, niliiandika kijanja: *imebainika kuwa sampuli iliyotumika ilikuwa na kasoro.* Ilitumika tu, yenyewe, bila mtu.

"Sampuli ilikuwa na kasoro, sawa," meneja alisema. "Lakini mama, wewe ndiye mtaalamu wa mpira. Unapewa kitu kina vibonyeo vya kukunjwa, nawe unavitengeneza? Mtaalamu wa kweli si angeuliza?"

Nilimtazama wifi. Nilijua atasema, na alikuwa na kila haki. Yeye akatazama meza.

"Nilifuata nilichopewa," alijibu taratibu.

Hakunitaja. Mtu niliyemdharau kwa sababu ya vidole vyake alikuwa tayari kufunga karakana yake na kubeba lawama yangu mgongoni, mradi tu nisiaibike mbele ya bosi wangu.

"Aliuliza," nikasema.

Meneja akageuka. "Nini?"

"Aliuliza. Alivigundua vibonyeo vyote vitatu kwa vidole, bila hata kutazama, akaniuliza avitie au asivitie. Mimi ndiye niliyemjibu kama ulivyo. Sikuangalia. Mpira wake umefanana na sampuli kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka melini. Kama kuna cha kugongewa muhuri mwekundu humu ndani, ni mimi."

Bawaba, aliyeitwa kama shahidi, akakohoa ili asicheke. Meneja hakucheka. Alinipa barua ya onyo, ya kwanza tangu niajiriwe, nami nikaisoma mara mbili nikitafuta dosari na sikuiona. Kisha akafikiri, akapigapiga kalamu mezani.

"Meli haina habari hata leo," alisema. "Wiki moja. Nileteeni mpira usiovuja. Ukivuja tena, yaishie hapo."

Nilimkimbilia wifi langoni.

"Wifi, kuhusu yale..."

"Siku tatu," alinikata. Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Siku tatu, na mara mbili tumekaa meza moja na kaka yako, unaniona sili, na unajua. Leo ndiyo umekumbuka?"

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi nami nilikuwa naogopa. Tumepewa wiki moja. Twende kazini."

Basi tukaenda kazini. Sampuli tuliiacha mfukoni mwake. Wifi alisema hataki kuiona tena, anataka kuuona mlango wenyewe, kwa hiyo tukampelekea gari zima, lile la tatu kutoka ukutani, baada ya Bawaba kukihamishia kiota kwenye dirisha la stoo kwa heshima zote. Wifi akanunua udongo laini wa kuchezea watoto, akaubandika kuzunguka fremu ya mlango, akaniambia, "Funga." Nikafunga. "Fungua." Nikafungua. Udongo ulikuwa umebanwa, na unene wake ndio nafasi ambayo mpira unatakiwa kuijaza.

"Pima," akasema.

Nilipima kwa rula ya chuma kila baada ya vidole vinne. Nilikuwa mikono mitupu, sina cha kulinganishia, na niseme wazi niliogopa kama mtu aliyeteremshwa kwenye kituo asichokijua. Lakini namba zikaanza kusema. Juu, nafasi ni ile ile. Pembeni, ile ile. Kwenye kona ya chini ya nyuma, imezidi milimita mbili.

"Hapa mpira wa ng'ambo ulikuwa haugusi vizuri," nikasema.

"Vumbi je?" wifi akauliza. "Wateja wenu hawalalamiki vumbi miguuni?"

Wanalalamika kila mwaka. Kila mwaka tunawajibu ni barabara zao. Sikumwambia hivyo, lakini uso wangu ulinisaliti, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akaangua kicheko, cheko refu la kushika mbavu, mpaka watu wake wakaacha mashine kuja kuona kuna nini.

Siku nne tulifanya kazi bega kwa bega. Akaongeza ulimi mdogo wa pili kwenye mpira ili ile kona ya chini ishikwe. Mpira wa kwanza ulitoka mgumu mno, mlango ukagoma kufunga. Wa pili ulikuwa laini mno, ukajikunja. Nilisema hapana, naye akasema hapana kabla yangu, tukajikuta tunashindana kuisema. Mara mbili nilijaribu kurudia yale maneno yangu. Mara ya kwanza, nilipoanza tu, "Wifi, nilikuwa nataka...", akaniambia, "Shika hapa, vuta." Mara ya pili akawasha mashine. Kufikia siku ya tano vidole vyangu vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha, na nilisugua kwa sabuni hadi nikakata tamaa.

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, gari likaingia chumba cha mvua. Karakana nzima ilikuwa imeacha kazi, wamejipanga nyuma ya kioo, na wale kumi na mmoja wa wifi nao walikuja, wamesimama kimya kama watu waliokuja kumjulia mgonjwa hali.

"Mimi nakaa ndani," wifi alisema.

"Mama, huwa hatukai ndani," meneja akamwambia.

"Nyinyi hamkai. Mimi nakaa. Kama unavuja, univujie mimi."

Akaingia kiti cha nyuma. Sikumuuliza mtu ruhusa, nikazunguka nikaingia upande wa pili. Bawaba akafunga milango, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulifunga kwa sauti nzito ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika gari letu lolote. Kelele zote za kiwanda zikakatika. Niliona mdomo wa meneja ukisema kitu na sikusikia hata silabi.

Maji yakafunguliwa.

Yalipiga paa, vioo, milango, yakateremka kwa mikondo mpaka tusiweze kuwaona watu. Wifi alikuwa amekunja karatasi nyeupe laini mkononi, akaipitisha polepole kwenye ukingo wa mlango, juu, pembeni, akifika kwenye kona ya chini anasimama, anabonyeza, anaitazama karatasi, anaanza upya. Saa iliyo mbele ya usukani ilionyesha dakika tano zimepita. Kisha nane. Niliona mgongo wake tu, na vile vidole. Nikajua nisiposema sasa, sitasema tena, maana mpira ukivuja hatatazamana nami, na usipovuja tutashangilia na kuyaacha yapite.

"Wifi," nikasema. "Nilikukosea. Siyo kwa kibonyeo tu. Nilikukosea siku ile ya kwanza, kwa yale niliyoyasema juu ya mikono yako, na sikuwahi kukuomba radhi, nikaacha igeuke mzaha, miaka yote hii ukinicheka kumbe unaumia. Nilikupima kwa kitu ambacho hata mimi sikijui. Nisamehe."

Hakugeuka. Karatasi ilikuwa imefika kwenye ile kona.

"Ngoja," akasema. "Bado dakika saba."

Nikangoja. Niliweka mikono mapajani na kutazama maji yakiteremka kwenye kioo. Sijapata kukaa dakika saba ndefu namna ile, hata kwenye chumba cha mtihani, hata nilipokuwa naposwa. Alimaliza mlango wake, akainama juu yangu bila neno, akaukagua na wangu, akarudi kwake akaanza tena toka juu.

Maji yakakatika. Matone ya mwisho yakadondoka toka mabombani, kisha hata hayo yakaisha. Wifi akaikunjua karatasi juu ya goti lake, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Ilikuwa nyeupe na kavu. Nje, meneja alikuwa amebandika uso kwenye kioo akigonga kwa pete yake, na nyuma yake nilimwona Bawaba ameinua mikono juu akiuliza kwa ishara, vipi, vipi?

Wifi hakumfungulia. Aliikunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba, akajigeuza kitini mpaka tukatazamana uso kwa uso.

"Haya," akasema. "Ulikuwa unasemaje?"